Sura ya Nne: Mgonjwa wa Saratani na Matembezi

Swali ambalo watu waliopewa habari ya saratani, pamoja na jamaa zao, huliuliza mara nyingi kuliko mengine halihusu kufa wala kupona, ijapokuwa mawili hayo ndiyo yaliyotangulia katika fikira za kila mmoja, huulizwa hili: "Je, anaweza kutoka?" Mama aliyetiwa dawa wiki mbili zilizopita, na ambaye mtoto wa dada yake anaolewa Kihonda siku ya Jumamosi, mzee wa Mgeta aliyezoea tangu ujana wake kwenda gulioni Nyandira kila siku ya soko, kijana wa chuo ambaye wenzake wanapanda Lupanga naye amebaki chumbani akiwahesabia saa: wote hawa swali lao ni moja, na aghalabu anayelitamka si mgonjwa mwenyewe, ni yule anayemwuguza, tena hulitamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu kuwa haiwezekani.

Mimi ninayeandika haya naishi na saratani ya titi hapa Morogoro, mji uliotandazwa chini ya milima ya Uluguru, na jibu langu ni kwamba anaweza, na kwamba siku nyingi inampasa. Walakini siku za kutoka zina hesabu yake. Hesabu hiyo haikupangwa na hofu ya jamaa wala ushujaa wa mgonjwa. Imepangwa na dawa na damu, nayo yafaa ijulikane na kila aishiye katika nyumba yenye mgonjwa.

Saratani, kwa asiyepata kuelezwa, ni maradhi ya chembe hai, yaani vile vijenzi vidogo mno ambavyo kila kiungo cha mwili kimeumbwa kwavyo. Chembe yenye siha huzaliwa, hufanya kazi yake, huzeeka na kufa kwa kiasi. Ya saratani hukiacha kiasi hicho, ikazaana pasipo haja, ikafanya uvimbe, na isipotibiwa huweza kusafiri kwa njia ya damu ikafanya maskani mahali pengine. Aina zake ni nyingi, na katika nchi yetu wanawake husumbuliwa zaidi na saratani ya mlango wa kizazi na ya titi, wanaume na ya tezi dume; kwa hiyo msomaji apime kila neno la sura hii kwa maradhi yake na kwa shauri la daktari wake.

Siku ambazo si za hospitali

Tiba ya kemia, ambayo sisi wagonjwa huiita dripu kwa kuwa aghalabu huingizwa mshipani tone kwa tone, ni dawa izungukayo mwili mzima ikiua chembe zinazozaana upesi. Hutolewa kwa mizunguko, na mzunguko wa wengi wetu ni wa siku 21. Katika siku hizo 21 hospitali hudai siku ya dripu yenyewe, na siku ya kupimwa damu, na kwa sisi wa mikoani siku za kwenda na kurudi. Hata ukizijumlisha zote, ukaongeza na zile ambazo kichefuchefu humlaza mtu chini, bado hubaki siku nyingi ambazo hakuna mganga anayezidai. Tiba ya mionzi ina desturi nyingine: mashine huelekeza miale mahali palipo na maradhi kwa dakika chache tu, lakini hurudiwa kila siku tangu Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, na mgonjwa aliyemaliza dakika zake asubuhi hukabidhiwa mchana mzima asioupangia neno lolote.

Nimeona nyumba nyingi zikipanga siku za hospitali kwa uangalifu wa kusifiwa: nauli imehesabiwa, msindikizaji amechaguliwa, chupa ya chai imetiwa kapuni tangu usiku, kisha siku zilizosalia, ambazo ndizo nyingi, zikaachiwa mkeka na ukimya. Mgonjwa hulazwa penye kivuli, akatazamwa. Haambiwi yaliyotokea dukani, haulizwi rai yake juu ya ada ya mtoto, jembe lake huazimwa majirani bila idhini yake, na yote haya hufanywa kwa mapenzi ya kweli, ndiyo maana ni vigumu kuyapinga. Maradhi huwa hayajamnyang'anya miguu, wala akili, wala hamu ya kuona watu. Jamaa ndio wanaotangulia kuvichukua.

Hoja yao kubwa ni uchovu, na uchovu wenyewe ni wa kweli. Hauondoki kwa usingizi; mtu hulala nao, akaamka nao, na pengine humshika katikati ya kuosha vyombo akalazimika kuketi palepale jikoni. Zamani waganga wengi walishauri mapumziko tu, lakini rai hiyo imebadilika: mtu anayetembea kidogo kila siku, kwa kadiri ya nguvu zake, aghalabu huchoka kidogo kuliko yule alalaye mchana kutwa. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa zaidi Kanada na Australia kwa watu 889 waliokuwa wamemaliza upasuaji na dripu za saratani ya utumbo mpana. Nusu walipewa maandishi ya kuwashauri juu ya afya; nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia katika mazoezi kwa muda wa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai pasipo maradhi kurudi katika kundi la waliosimamiwa walikuwa takriban 80 katika kila 100, na katika lile kundi jingine 74. Habari hii yahusu aina moja ya saratani, na watu waliokwisha kumaliza tiba, wala haimpi mtu ruhusa ya kuacha dawa akashika fimbo ya kupandia mlima; yatosha hata hivyo kuwaondolea jamaa ile fadhaa kwamba kila hatua ya mgonjwa wao inampunguzia umri.

*Kwa ufupi: siku za hospitali ni chache, siku za nyumbani ni nyingi, na kutembea kwa kiasi kwaweza kuhesabiwa pamoja na matibabu.*

Kalenda ya damu

Dripu haibagui. Pamoja na chembe za saratani huzipiga na nyingine zinazozaana upesi: za nywele, ndiyo maana vichwa vyetu hubaki vipara, za kinywa na tumbo, ndiyo maana wali wa nazi hugeuka ladha kinywani, na za damu. Ndani ya damu zimo chembe nyeupe zinazoukinga mwili na vijidudu, nazo, kwa dawa nyingi, hupungua mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha huanza kuongezeka tena. Kalenda ya mgonjwa yatokana na jambo hili.

Wiki ya kwanza ni ya kichefuchefu na miguu mizito, na matembezi yake ni ya uani na kibarazani. Wiki ya pili ndiyo ya kuhadhari, kwa sababu mtu huanza kujiona ana nafuu ilhali ndiyo wiki ambayo kikohozi cha mtoto wa jirani chaweza kumlaza wodini. Soko lililojaa, daladala iliyosongamana, arusi na msiba viepukwe, ila kutembea njia ya pembeni alfajiri, hewa ikiwa safi na watu wachache, hakuna akukatazaye. Wiki ya tatu ni ya neema, na mambo makubwa ya nyumba yafaa yawekwe humo. Arusi ya mpwa wangu iliwekwa humo kwa makusudi, baada ya wajomba kushauriana na karatasi yangu ya kliniki ikiwa mezani, nami nilikaa mpaka zikapigwa zile nyimbo za zamani za Salum Abdallah na Cuban Marimba, na za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambazo katika mji huu hakuna sherehe ya wazee iishayo bila hizo.

Kanuni moja haina wiki: homa ikifika nyuzi 38, iwe mchana au usiku wa manane, mgonjwa apelekwe hospitali palepale, wala asimezeshwe dawa ya kushusha homa akaambiwa alale kuche. Kwa mtu mwenye chembe nyeupe chache, maambukizo yaweza kuenea mwilini kwa muda wa saa.

Kwa hiyo mkoba wangu wa kutokea hauachi kuwa na vitu hivi:

- kipimajoto, kwa sababu iliyotajwa;
- kadi ya kliniki, na namba ya simu ya wodi imeandikwa juu yake kwa kalamu nene, ili hata dereva wa bajaji aweze kuisoma;
- maji yaliyochemshwa, na dawa ya kuzuia kutapika;
- mwavuli, maana dawa kadhaa, na mionzi pia, huifanya ngozi iungue na jua upesi;
- kanga ya ziada, ya kuketia, kujifunika, na kufuta uso.

Waliopasuliwa titi pamoja na tezi za kwapani wana neno lao la kuongeza. Mkono wa upande huo huweza kuvimba, kwa hiyo ulindwe na mikato, michomo ya moto na miiba, na kazi za ndoo na jembe zirudiwe kidogokidogo kwa maelekezo ya mtaalamu, zisiachwe milele.

Kutoka Soko Kuu hadi Morningside

Morogoro ni mji wa rehema kwa mtu apimaye nguvu zake, maana kila kadiri ya nguvu ina mahali pake. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya Boma milima husimama ghafula mpaka kilele cha Lupanga, mita 2,138, hata mtu asiyeondoka kibarazani kwake huweza kuinua macho akajua kama leo mvua itashuka au itabaki kulekule. Siku ya nguvu chache nina barabara ya Boma, yenye kivuli cha miti mikubwa, ambayo mtu huweza kuiendea polepole akakaa kila atakapo. Siku ya nguvu kidogo zaidi nina Soko Kuu la Chifu Kingalu, lakini mapema, kabla ya saa mbili, wakati mizigo inapoteremshwa na wanunuzi hawajaja. Hapo hufika ndizi za Matombo, kabichi na karoti za Mgeta, pilipili manga na mdalasini wa Kinole, na stroberi zinazoletwa na wanawake wa vijiji vya juu katika vikapu vilivyofunikwa majani. Stroberi ni tunda la kutamanisha, lakini hukua likigusa udongo wala halina ganda la kumenya. Mimi huziosha kwa maji yaliyochemshwa, na katika ile wiki ya pili sizigusi kabisa, nikala ndizi na machungwa.

Siku ya nguvu nzuri nina bustani ya Rock Garden, ambapo mto wa Morogoro hushuka baina ya mawe makubwa, na mtu huweza kuketi saa nzima miguu ikipigwa na upepo wa maji pasipo kuulizwa anafanya nini. Na siku ya nguvu njema kupita zote, katika wiki ya tatu, tena wakati wa kipupwe mvua za masika zikiwa zimekwisha, nina Morningside.

Morningside ni nyumba ya kale iliyojengwa zama za Wajerumani ubavuni mwa mlima, na njia ya kuiendea hupita katikati ya matuta ya mboga, migomba na vijito, ikipanda bila kukoma. Mtu mwenye siha huweza kufika kwa kiasi cha saa mbili. Mimi siufuati muda huo. Hupanda hatua kidogo, nikaketi juu ya jiwe, nikanywa maji, nikapanda tena; mpwa wangu hutembea nyuma yangu na siyo mbele, kwa kuwa anayetangulia humburuta amfuataye hata asipokusudia; na tumekubaliana kabla ya kuondoka kwamba neno "turudi", mimi nikilitamka, halijadiliwi. Zipo safari zilizoishia njiani, penye daraja au penye mgomba wa kwanza, nazo nilizihesabu kuwa safari kamili, maana niliyoyafuata niliyapata.

Nilifuata nini? Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Katika njia ile wanawake wa mlimani hunipita wakipanda na wakishuka, mizigo kichwani, na wengi ni watu wazima kama mimi. Husema, "Shikamoo, mwalimu," wale wadogo, na wakubwa husema, "Pole na mlima." Pole hiyo ni ya mlima. Humpa hivyohivyo kijana wa chuo, na mgeni wa Ulaya mwenye mfuko mgongoni, na mzee anayepeleka kuni. Aliyekaa mwaka mzima akipewa pole ya maradhi kila afunguapo mlango ndiye awezaye kujua thamani ya kupewa pole ya jambo jingine, jambo alilolichagua mwenyewe, ambalo jasho lake laonekana na litakauka.

Ukifika juu, mji wote hulala chini yako: bwawa la Mindu upande mmoja, reli na barabara kuu upande mwingine, na mapaa ya bati yakimeta kati yake. Mbele zaidi, msitu wa kileleni ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, na aingiaye sharti awe na kibali. Humo wamo viumbe wasioonekana mahali pengine popote duniani, hata ndege. Huko siendi tena. Nilipanda Lupanga nikiwa mwalimu kijana na wanafunzi wangu, na sasa hukitazama kilele kile kutoka chini nikiwa na habari zake zote, baridi yake, utelezi wake, na ukungu wake. Wala sikioni kuwa kitu nilichonyang'anywa, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukipata.

Macho ya watu

Kwa wengi wetu kikwazo cha kutoka hakimo miguuni, kimo katika macho ya watu. Kichwa kisicho na nywele, titi lisilokuwapo, mfuko wa choo uliofungwa tumboni, harufu ya kidonda: haya huwafungia watu ndani kuliko uchovu. Wapo wanaodhani saratani huambukizwa kwa kikombe au kwa kulala chumba kimoja, nao wakosea. Saratani haihami toka mtu kwa mtu kwa njia hiyo. Virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi, huambukizwa kwa kujamiiana, na kwa ajili hiyo wasichana wa nchi yetu wanachanjwa tangu mwaka 2018. Maradhi yenyewe hayashikwi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Wapo pia wanaosema mtu karogwa, na neno hilo huleta madhara mawili, kwani huchelewesha matibabu na huwagombanisha ndugu.

Dada yangu mkubwa, ambaye amenilea na ambaye siwezi kumjibu kwa ukali, alinisimamisha siku moja mlangoni.

"Mdogo wangu, unatoka hivyo, na watu watasema nini?"

"Dada, watasema naumwa. Nao wasema kweli."

"Basi jifunike vizuri."

Nilijifunika kanga aliyonipa, kwa taadhima yake, nikatoka. Sioni kwamba kila mgonjwa ana wajibu wa kujitangaza. Faragha ni haki ya mtu, na mgonjwa hana deni la kuwaeleza abiria wa daladala. Watu wakubwa wa nchi zetu wamechagua njia mbalimbali. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye saratani ya damu ndiyo iliyomchukua London tarehe 14 Oktoba 1999, alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha hadi mwaka uleule wa kufa kwake. Profesa Wangari Maathai, mama wa miti wa Kenya na mshindi wa tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 2004, alifariki Septemba 2011 kwa saratani ya ovari, na wengi walipata habari ya maradhi yake siku ya msiba. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza hadharani kuwa ana saratani ya utumbo mpana, akaendelea kusema na watu wake, akafariki Julai 2019. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotutoka tarehe 29 Februari 2024, taifa lilielezwa waziwazi kwamba ilikuwa saratani ya mapafu. Mmoja alifanya kazi, mmoja alinyamaza, mmoja alisema, na wa mwisho habari yake ilisemwa alipokwisha kututoka. Wala mimi sina mizani ya kusema yupi alitenda ipasavyo kuliko mwenzake. Ninalolijua ni kwamba uchaguzi ulikuwa wao, na huo ndio nisiotaka mgonjwa yeyote anyimwe.

Dar es Salaam na maji ya Ruvu

Mtu wa Morogoro mwenye saratani hana budi kuijua njia ya Dar es Salaam, kilomita 190 hivi, kwa kuwa huko ndiko iliko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wa kanda ya ziwa huenda Bugando, Mwanza, na wa kaskazini huenda KCMC, Moshi. Zamani safari yetu ilikuwa ya basi kutoka Msamvu, na msongamano wa kuingia jijini ulikuwa mateso kwa mtu mwenye kichefuchefu. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme huchukua chini ya saa mbili, ina choo, na mtu huweza kunyosha miguu. Mabadiliko haya peke yake yamewarudishia wagonjwa wengi siku nzima ya maisha yao katika kila mzunguko.

Jengo la kale la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani likafunguliwa mwaka 1897, kuta nene na varanda pana, likielekea Bahari ya Hindi, na tangu mwaka 1996 taasisi hiyo inajitegemea kisheria. Namshauri kila atakayekaa Dar es Salaam kwa wiki za mionzi asizimalize zote kati ya kitanda na benchi la kungojea. Ufuko uko ng'ambo ya barabara. Jua likishapungua, wagonjwa na wauguzi wao huweza kukaa upande wa bahari wakatazama majahazi na meli, na mwenye nguvu zaidi huweza kufika soko la samaki la Feri, si mbali.

Kuna dawa, mojawapo ya zile za saratani ya titi ikiwa miongoni mwake, ambazo mgonjwa huambiwa baada yake anywe maji mengi ili kibofu au figo zisidhurike. Nilipokuwa nikinywa maji hayo nilimweleza jirani yangu wa kitanda, mama wa pwani ambaye hakupata kufika kwetu, kwamba maji ya jiji lile sehemu kubwa hutoka katika mto Ruvu, na mto Ruvu huzaliwa katika Uluguru, hasa upande wa mashariki ambako mawingu ya bahari hugota mlimani yakanyesha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama misitu ya huko bado ipo. Nilimwambia ya juu ipo, ya chini imeliwa na mashamba. Tukazungumza juu ya jambo hilo mpaka dripu zetu zikaisha, na ulikuwa mchana mwema.

Ua la uani

Katika nyua nyingi za mji huu huota ua dogo, la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano, lisilodai maji mengi. Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 wachunguzi wa Kanada na Marekani walilitafuta kwa sababu lilisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Hawakuipata waliyoitaka, ila waligundua ndani yake dawa za kuua chembe za saratani, zikaitwa vinblastini na vinkristini. Zote mbili hutumika hadi leo, hasa katika saratani za damu na za tezi, na watoto wengi wamepona kwazo.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona mwaka 1957 watoto wenye uvimbe wa mataya usioeleweka. Mwaka 1961 aliondoka kwa gari na wenzake wawili, wakasafiri takriban kilomita 16,000 wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine hadi kusini mwa Afrika, akabaini kwamba uvimbe ule huonekana katika nchi za joto na mvua, na huadimika katika nyanda za juu zenye baridi. Baadaye ilijulikana kwamba malaria na kirusi fulani vina mkono katika maradhi yale. Uvimbe huo leo waitwa kwa jina lake, na vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazoutibu.

Nasimulia haya kwa sababu moja ya dharura. Mtu akisikia kwamba dawa yatokana na ua lililo uani kwake, aweza kulichuma akalichemsha. Asithubutu. Ua lile lina sumu, na kiasi cha dawa kilichomo hakijulikani kwa kijiko. Kiwandani hutumika majani mengi mno kupata dawa kidogo iliyosafishwa na kupimwa. Na anayetumia miti shamba ya aina yoyote amweleze daktari wake, hata kama anaona haya, kwani baadhi ya miti hugombana na dripu.

Wasioweza kutoka

Hufika wakati ambapo kalenda niliyoieleza haina tena wiki ya tatu. Hapo ndipo panapohitajika tiba shufaa, yaani uangalizi ambao nia yake ni kuondoa maumivu na taabu za mgonjwa na kuwategemeza jamaa zake. Nayo haifai kungojewa hadi mwisho, bali ianze mapema, sambamba na matibabu mengine. Dawa yake kuu ni mofini, hasa ile ya maji inayonywewa. Uganda, Hospice Africa iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dakta Anne Merriman ilionyesha kwamba mgonjwa wa kawaida, nyumbani kwake kijijini, huweza kuinywa kwa usalama, na Tanzania nayo hutolewa kupitia hospitali zilizoruhusiwa. Wengi huiogopa wakidhani huharakisha kifo au humfanya mtu mlevi. Ikipimwa na mjuzi na kunywewa kwa saa zake, haifanyi hivyo. Hufunga choo, kwa hiyo huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Mtu ambaye maumivu yamemwachia huweza kuketi, na awezaye kuketi huweza kutolewa kibarazani, au kitanda chake kikageuzwa kielekee dirisha lenye mlima.

Mwulizeni anataka nini, wala msimkisie. Majibu huwa madogo na ya hakika. Mmoja hutaka kwenda benki mwenyewe, mwingine msikitini siku ya Ijumaa, mwingine kukaa dukani kwake nusu saa. Kwa Waluguru, ambao ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, ombi la mwanamke mgonjwa aghalabu ni kupelekwa shambani, Matombo au Kinole, akawaonyeshe binti zake na wapwa wake mpaka wa shamba ulipo. Safari hiyo ifanywe. Kodini gari mapema, kiti cha mbele kilazwe nyuma, godoro dogo litiwe; mofini inywewe kiasi cha nusu saa kabla ya kuondoka, na chupa yake iende naye kwa ajili ya saa ifuatayo; ondokeni asubuhi, msimame Mkuyuni apumzike. Na mjomba wa ukoo awepo, pamoja na mtu mmoja wa shamba la jirani, kwa kuwa mpaka ulioonyeshwa mbele ya watoto peke yao hubishaniwa.